Vunjajungu Mbele, Mutembei Nyuma

Mwaka wa hamsini na tano hakuna mtu aliyeangalia nyuso nyingi za watu wa Embu kama Mutembei, na hakuna aliyekuwa amezichoka kama yeye. Hakuzitafuta. Zililetwa kwake kwa mstari, homgadi, askari wa ulinzi wa kijiji, mmoja mbele na mwingine nyuma, zikakalishwa juu ya debe lililopinduliwa, zikaambiwa zitazame mbele na zisicheke. Hilo la kutocheka lilikuwa agizo la boma la serikali, na kwa hali ilivyokuwa miaka hiyo, lilikuwa ni kuharibu wino bure.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila mtu mzima wa Embu na Meru atembee na pasi yenye picha yake, ili askari akimsimamisha njiani asipate taabu ya kumwamini. Kazi ya picha za kijiji cha Kanja na vya jirani alipewa Mutembei. Mwenyewe alikuwa Mmeru wa Igoji aliyekuja Embu akiwa kijana, akajifunza kazi katika studio ya Mhindi mmoja mjini. Mambo yalipochafuka Mhindi alifunga duka, akaenda zake Nairobi, akamwachia kamera ya kukunja, ile inayovutwa mbele ikatoka mikunjomikunjo kama kinanda cha mkono. Kamera hiyo ndiyo iliyomponya na jembe. Wala haikumponya kabisa, maana asubuhi mbili kwa wiki alikuwa ndani ya handaki la kijiji na wenzake, wakichimba shimo la kuwazuia watu wa msituni wasiingie na watu wa kijijini wasitoke. Lipi kati ya hayo mawili ndilo lililokusudiwa hasa, watu hawakuulizana.

Basi alikuwa na miaka arobaini, magoti ya miaka sitini, na macho yasiyotaka kuona mtu mwingine amekaa juu ya debe.

Mkanda mmoja wa filamu ulitoa picha kumi na mbili. Boma lilihesabu watu kumi na mmoja kwa kila mkanda. Ile ya kumi na mbili ilikuwa ya kurudia, kwa ajili ya yule atakayefumba macho, kwani katika watu kumi na mmoja hakosekani mmoja. Watu waliiita picha ya kufumba. Ikitokea siku hakuna aliyefumba, picha ile ilibaki haina mwenyewe, na hapo ndipo wadudu walipopata nafasi yao.

Nyumba za kijiji kipya, walikohamishiwa na serikali, zilikuwa zimebanana hata ukikohoa kwako unapewa pole kwa jirani. Lakini Kawira, mke wa Mutembei, alikuwa amepata nyuma ya nyumba yao kipande cha ardhi kisichozidi mikeka mitatu. Akapanda kabichi, maboga, na maharagwe ya kutambaa juu ya miti. Wadudu wakaja bila kuitwa. Mutembei akatoa sandukuni kioo cha fundi wa saa, kile cha kubana jichoni, akakibandika mbele ya jicho la kamera kwa nta ya nyuki. Kamera ikishavaa kioo hicho haikuona tena mtu, wala nyumba, wala mlima. Iliona tu kitu kilicho karibu nayo kiasi cha upana wa kiganja. Kipimo chenyewe alikifanya kwa uzi. Alifunga uzi kwenye mdomo wa kamera, akapiga fundo mahali pa kipimo, na kila alipotaka picha aliuvuta mpaka fundo likakaribia pua ya mdudu. Hapo anabana pumzi, anabonyeza. Uzi ukilegea kidogo, picha ni ukungu mtupu.

Kwa njia hiyo alikuwa amekusanya picha tisa kwa muda wa mwaka. Kulikuwa na kiwavi wa kabichi mwenye nywele zilizosimama kama mtu aliyeamshwa na msako. Kulikuwa na nyuki mwenye mizigo ya unga miguuni, mnyapara haonekani lakini unajua yupo. Mara moja Kawira alimwuliza anapata nini kwa hayo. Mutembei akafikiri, akasema mdudu humtazama bila kumwogopa, na haulizi picha itapelekwa wapi.

"Mimi naona unapiga picha chakula cha kuku," Kawira akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mdudu mmoja tu ndiye ambaye Kawira alimheshimu. Ni yule wa kijani, mrefu, shingo nyembamba, anayekaa amekunja mikono mbele ya kifua kama mzee wa kanisa anayeombea chakula kinachopoa. Mutembei alijua jina lake la Kiswahili kwa sababu pale studio alifanya kazi na mtu wa Mombasa: vunjajungu. Mtu wa Mombasa alimweleza kwamba kwao mtoto akimgusa mdudu huyo, akirudi nyumbani anavunja chungu. Mutembei alimsimulia mkewe akicheka. Kawira naye akacheka, lakini tangu siku hiyo vunjajungu akiwa upande huu wa mti wa maharagwe, Kawira alichuma upande ule. Siku walipohamishwa kwa nguvu na nyumba za zamani kuchomwa, alikuwa na vyungu vitano. Kilichofika Kanja ni kimoja.

"Kucheka nilicheka," alimwambia mumewe. "Lakini chungu ni kimoja."

Mwezi wa saba barua ikafika kutoka Igoji, imefunguliwa na kugundishwa tena na watu waliopenda kusoma za wenzao. Ilikuwa ya dada yake, Lydiah, aliyebaki nyumbani na mama yao. Lydiah hakuwa mtu wa maneno mengi. Mama hainuki tena kitandani, aliandika. Macho yamekuwa mabaya. Anakuulizia kila asubuhi na anauliza kama unasali. Njoo upesi. Tarehe iliyokuwa juu ya barua ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Mutembei alikuwa na karatasi ya kazi iliyomruhusu kuzunguka Embu yote, lakini si hatua moja ng'ambo ya mto Thuci, na Igoji iko ng'ambo ya Thuci. Kuvuka kulitaka pasi. Pasi ilitaka picha. Na mtu huyu aliyepiga picha watu zaidi ya elfu moja hakuwa na picha yake hata moja, kwa sababu ambayo mtoto angeielewa: siku zote yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili wa kamera. Karani wa pasi bomani, Muriithi, alimwambia orodha ya watu wa kuvuka Thuci inafungwa Jumamosi saa sita mchana; baada ya hapo hadi mwezi wa tisa. Filamu nayo ilikuwa imebaki mkanda mmoja, na watu kumi na mmoja wa mkanda huo walikuwa wamekwisha kuandikwa majina.

Kwa hiyo tumaini lote la kumwona mama yake lilikuwa ndani ya picha ya kufumba.

Ijumaa watu kumi na mmoja wakaletwa. Tisa hawakumtia wasiwasi. Wa kumi alikuwa mama mmoja aliyekaza macho kana kwamba kamera imemtukana. Wa mwisho alikuwa Mzee Kathuri, mtu aliyejulikana kijiji kizima kwa kufumba. Alikwisha kula picha mbili za kufumba kabla ya hapo, na pasi yake ilikuwa bado.

"Mzee, leo nakuomba," Mutembei akamwambia kwa sauti ya chini. "Usifumbe. Mama yangu ni mgonjwa."

Kathuri akamtazama. "Mama yako ni mgonjwa, na macho ni yangu?"

"Ndiyo, mzee."

Kathuri akakaa juu ya debe, akafumbua macho yakawa makubwa kama ya bundi, machozi yakamlenga, na hakupepesa hata baada ya kamera kulia. Mutembei alilazimika kumwambia imekwisha. Pasi ya mzee huyo ilikuja kumpa taabu kwa askari wengi, waliotaka kujua alikuwa ameona nini, lakini hayo ni ya kwake.

Mutembei akarudi nyumbani na kamera yenye picha moja. Zilikuwa zimebaki kama dakika arobaini kabla ya kafyu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, alikozoea kwenda, na pale juu ya mti wa maharagwe akamkuta vunjajungu. Siku hiyo hakuwa na mikono iliyokunjwa tu. Alikuwa amegeuza kichwa kile cha pembe tatu, akiangalia nyuma ya bega lake, kama mtu aliyeitwa jina na hajui kama aitike.

Mtu aliyechoka hufanya kwanza lile ambalo mikono imezoea. Kabla hajafikiri, Mutembei alikwisha kuweka kamera juu ya sanduku, kubandika kioo kwa nta, na kuvuta uzi. Fundo likafika. Akabana pumzi. Kidole kikawa mahali pake.

Akakumbuka Igoji.

Akaondoa kidole polepole, kama mtu anayeondoa mkono kwenye mlango wa jirani. Akakaa chini kidogo kati ya kabichi. Kisha akainuka, akatazama, akaona kwamba nyuma ya mti wa maharagwe kuna ukuta wa nyumba, umepakwa udongo mweupe na mwanga umeupiga vizuri. Kamera ilikuwa inaelekea huko tayari. Kuihamisha kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo. Akamwita mkewe.

"Mama Mbae, njoo unibonyezee. Ni hapa tu. Usiguse kitu kingine chochote, unasikia? Chochote."

"Nasikia, Baba Mbae."

Aliyasema hayo kwa sababu siku zote aliyasema. Mwaka mzima alimkataza Kawira asiguse kile kioo, kwa vile nta hubanduka. Kisha akaenda kusimama kwenye ukuta, akashusha mikono, akatazama mbele, hakucheka.

Kawira akainama. Aliona kioo, hakukigusa, maana aliambiwa. Alimwona vunjajungu pia, mbele kabisa, karibu na jicho la kamera kiasi cha upana wa kiganja. Hakumgusa, maana chungu ni kimoja. Akabonyeza.

Jumamosi asubuhi, katika ghala la duka ambako boma lilimruhusu kusafishia picha zake, Mutembei aliutoa mkanda kwenye dawa, akausogeza kwenye mwanga. Watu kumi na mmoja walikuwa safi. Mzee Kathuri alikuwa safi kupita kiasi. Katika picha ya kumi na mbili alisimama vunjajungu. Kila kitu chake kilionekana: miiba midogo ya mikono, ndevu mbili, na macho yale yenye nukta nyeusi katikati. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Nyuma ya bega la mdudu kulikuwa na ukungu mrefu, mweusi chini, kijivu juu. Huo ndio uliokuwa Mutembei.

Alicheka mara moja, bila sauti, akaketi juu ya gunia la maharagwe. Alikaa hapo muda mrefu kuliko alioweza kuupoteza. Hatimaye aliitoa picha ile kwenye karatasi, kwa sababu hakuwa na nyingine, akaiweka ndani ya kofia ikauke njiani, akatafuta lori la kwenda mjini.

Saa tano na nusu Muriithi alikuwa na rundo la pasi mezani, gundi kwenye kidole gumba, na sura ya mtu ambaye naye hajalala. Akaipokea picha, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Wapi?"

"Nyuma."

Muriithi akasogeza picha dirishani. Mutembei akamweleza: kioo, nta, uzi, Kawira, chungu. Hakupamba, hakuwa na nguvu za kupamba. Akamaliza na mama yake. Muriithi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafungua droo, akatoa karatasi ya masharti, akaisoma kwa kidole.

"Asivae kofia," akasoma. "Hajavaa. Asicheke. Hacheki. Macho yote mawili yaonekane." Akatazama picha. "Yanaonekana."

"Si yangu, karani."

"Hapa hawakuandika ni ya nani." Muriithi akarudisha karatasi ya masharti kwenye droo. "Wewe ulimpiga picha mama yangu mwaka jana, kule Kibugu. Alifumba mara mbili, ukampa ya tatu. Unakumbuka?"

Mutembei hakukumbuka. Akasema anakumbuka.

Muriithi akabandika picha. Akajaza jina, akajaza kabila. Alipofika mahali palipoandikwa alama ya kumtambulisha mwenye pasi, kalamu ikasimama hewani. Kisha akaandika kwa mwandiko wake safi wa shule ya misheni: Ni yule wa nyuma. Akapiga muhuri, akaichomeka katikati ya rundo la pasi arobaini. Bwana mkubwa akatia sahihi zote arobaini akiongea na mtu mwingine. Siku saba, kwenda na kurudi.

Jumatatu, kwenye daraja la Thuci, askari kijana aliifungua pasi, akamtazama Mutembei, akatazama pasi, akamtazama tena, kisha akaangalia nyuma ya Mutembei kuona kama kuna mwingine. Akamwambia akae chini. Mutembei alikaa chini tangu saa tatu hadi saa tisa, akitazama nchi ya kwao ng'ambo ya maji, mahali ambapo jiwe la mtoto lingefika. Koplo alipokuja akataka kujua huyu mnyama ni nani.

"Ni vunjajungu, afande."

"Sikukuuliza kabila lake. Anafanya nini kwenye pasi ya serikali?"

"Alitangulia, afande."

Koplo akasoma kila mstari. Alipofika kwenye alama ya kumtambulisha akasoma mara mbili, midomo ikitembea. Akalinganisha: kweli, nyuma kulikuwa na mtu. Muhuri ulikuwepo, sahihi ilikuwepo, na mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wake. Akairudisha pasi.

"Pita, wewe wa nyuma," akasema, na hapo ndipo jina lake la utani lilipoanzia.

Alifika Igoji kesho yake, miguu imevimba. Lydiah alimpokea mlangoni, hakusema umechelewa, na hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kulisema. Mama yao alikuwa amelala upande wa ukuta, mdogo kuliko alivyomwacha, macho yake yameingia utando. Alimpapasa uso, kidevu, masikio. Walizungumza kwa lugha ya nyumbani, na Mutembei akagundua kwamba hajaisema kwa muda mrefu hivi kwamba ulimi wake ulikuwa unaitafuta.

Mama akauliza alivukaje. Akamwambia amepewa pasi yenye picha. Mama hakuwahi kushika picha maishani, akaitaka. Lydiah akamgeuza kuelekea mlangoni penye mwanga. Mama akaileta pasi karibu na pua, kwa vile macho yale yalibakiza kuona vitu vya karibu sana tu, akaichunguza polepole kutoka juu hadi chini.

"Umekonda, mwanangu," akasema.

Lydiah akafungua mdomo. Mutembei akamtazama, naye dada akaufunga.

"Ni kazi, mama."

"Umekonda sana. Shingo hii." Kidole chake kikateremka juu ya karatasi, kikasimama penye ile mikono iliyokunjwa. "Lakini naona bado unasali."

Tangu wahamishiwe kijijini Mutembei hakuwa amesali hata mara moja. Mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa uchovu, na mwisho kwa kusahau.

"Nasali, mama," akasema.

Alikaa naye siku tatu, akarudi. Mama alitaka kubaki na picha ile, lakini pasi isiyo na picha ingempeleka mahali pengine, si Kanja, akaahidi kumpelekea. Kijijini Kawira alimwuliza habari za mama kwanza, akasikiliza zote, na mwishoni kabisa akasema chungu ni kizima.

Filamu mpya zilipoletwa, Mutembei alibandua kioo kwa mkono wake, akamwita Kawira, akapiga picha ya haki, uso wote, macho yote. Akaituma Igoji kwa dereva wa lori la mbao. Baada ya wiki mbili ikarudi, na barua ya Lydiah ya mistari mitatu. Mama ameuliza huyu mzee aliyechoka ni nani. Anataka ile ya mwanawe anayesali. Ifanye haraka.

Akaifanya siku hiyo hiyo, akaituma.

Habari zilifika mwezi wa nane mwishoni. Mama amepumzika, amezikwa, picha amekwenda nayo. Orodha ya Thuci ilikuwa imefungwa, na hata ingekuwa wazi, kaburi lilikuwa na siku tisa. Mutembei aliisoma barua amesimama kati ya mstari wa watu na debe, akaikunja, akaitia mfukoni. Homgadi akauliza kama wanaendelea. Walikuwa wamefika kwa mtu wa kumi na moja, bibi mmoja wa mikono ya kutetemeka, na alipobonyeza, bibi akafumba.

"Samahani, mwanangu," bibi akasema.

"Si kitu, bibi," Mutembei akasema, akazungusha mkanda hadi picha ya mwisho. "Iko moja. Ni yako."